Mabakuli Sitini na Manne ya Shangazi

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, saa nane mchana, mkerezaji mkuu wa karakana yetu atazima mashine namba mbili na kustaafu baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kazi. Jina lake kamili limo kwenye kadi ya mwaliko, lakini nikilitumia hapa nusu yenu mtauliza ni nani huyo. Ni Shangazi. Meneja anamwita Shangazi, mlinzi anamwita Shangazi, na mkaguzi wa usalama kazini, ambaye kwa umri angeweza kuwa kaka yake mkubwa, alipokuja mwaka jana aliondoka akisema, "Haya Shangazi, tutaonana."

Mimi ni mkerezaji wa mashine namba tatu, iliyo nyuma ya mgongo wake. Nimeutazama mgongo huo kwa miaka ishirini na mmoja. Karani wa masjala aliniomba niandike maneno machache ya kuchangamsha, akanipa faili la Shangazi nipate tarehe, akanidokeza kwamba humo ndani kuna barua moja ya onyo, ya zamani, isiyo na haja ya kutajwa. Barua hiyo ndiyo iliyomnyima Shangazi usimamizi wa karakana, na ndiyo iliyomfanya aache kukereza mti mbichi. Inasema aliharibu mabakuli ya mteja kwa kuchagua mti usiofaa. Hakuharibu yeye. Niliharibu mimi, nikanyamaza miaka kumi na mmoja. Tangu nianze kuandika nimeinuka kitini mara nne, mara mbili kunywa maji na mara mbili bila sababu yoyote, kwa hiyo nimeona niliseme mapema kabla sijainuka mara ya tano. Sasa turudi mwanzo.

Shangazi aliingia hapa kama mfagiaji. Kazi yake ilikuwa kuzoa maranda chini ya mashine, na maranda hayo ndiyo yaliyomtia kwenye ukerezaji. Alikuwa akiyaokota, akiyanusa, akiyavuta kwa vidole, kisha akimwambia mkerezaji wa wakati ule kwamba patasi yake imeanza kuwa butu. Kila akisema, ikawa kweli. Yule bwana alikereka hadi siku moja akampa patasi, akamwambia haya, jaribu wewe. Mwaka wa pili Shangazi alikuwa anatoa mipini ya nyundo. Mwaka wa nne alikabidhiwa namba mbili, na tangu hapo hajakubali isogezwe hata kidogo, eti imeshazoea sakafu ya pale.

Kukaa hajui. Alipotimiza miaka ishirini ya kazi tulimchangia stuli nzuri ya miguu mitatu, na anaitumia kuwekea miwani. Chai anakunywa amesimama, huku mkono mmoja uko kwenye mashine kana kwamba itamkimbia. Katika mikutano ya wafanyakazi husimama nyuma karibu na mlango, na mkutano ukizidi nusu saa utamsikia akikwangua fremu ya dirisha kwa ukucha. Mtu wa namna hiyo ungedhani atapenda vipande vikavu, unavyovikereza asubuhi na mchana umemaliza. Wapi! Roho yake ilikuwa kwenye mti mbichi, ambao humlazimisha mtu kusubiri miezi.

Kwa wenzetu wa ofisini, nieleze kidogo. Kipande kikavu hutoka ghalani kimekatwa tayari, kimekaushwa, na kimeandikwa tarehe kwa chaki. Unakifunga kwenye mashine inayokizungusha, unakikereza kwa patasi mara moja, na umbo utakalolitoa ndilo litakalobaki. Ubaya wake ni kwamba ni kigumu, kinamaliza makali ya patasi, na vumbi lake linaingia hadi mfukoni mwa shati la ndani. Mti mbichi ni gogo lililokatwa juzi, bado lina maji. Patasi inapita kama kisu kwenye papai, maranda yanatoka marefu na yenye unyevu, na ukisimama vibaya maji yanakurukia usoni. Lakini bichi hujikunja likikauka. Kwa hiyo unalikereza mara mbili: mara ya kwanza unaliacha nene, unalihifadhi lipoteze maji taratibu kwa miezi, ndipo unalirudisha kwenye mashine na kulimalizia. Ukiliharakisha linapasuka.

Shangazi hakuwa mshabiki tu wa bichi. Alikuwa anachagua. Miguu ya meza na nguzo za ngazi alizitaka kavu, kwa sababu zinaungana na mbao nyingine na hazina ruhusa ya kubadili mawazo baadaye. Mabakuli makubwa aliyataka mabichi. Kavu lenyewe hakuliamini mpaka aliwekee shavu. Mti wenye maji ndani huwa wa baridi shavuni hata kama nje umekauka, na shavu la Shangazi lilikuwa linagundua kile ambacho kipima unyevu cha umeme hakikioni. Siku wajumbe wa bodi walipotembelea ghala walimkuta amelalia rundo la vipande, macho ameyafumba. Mjumbe mmoja akanong'ona kwamba mama wa watu amechoka, apewe mapumziko. Shangazi akafumbua jicho moja, akamwambia kipande anachokikalia yeye bado kibichi.

Na haya aliyajua kwa kuumia. Mwaka wake wa tatu alimkerezea meneja wa zamani mkebe wa sukari. Mwili wa mkebe ulikuwa mkavu, kifuniko akakitoa kwenye kipande kibichi kwa haraka zake. Kilikaa sawasawa kabisa siku ya kwanza. Wiki iliyofuata kifuniko kilikuwa kimejivuta, si duara tena, kikang'ang'ania mkebe. Katibu muhtasi alijaribu, dereva akajaribu, meneja mwenyewe akaubana katikati ya magoti akajaribu. Walikunywa chai bila sukari siku sita, na mwishoni ukapasuliwa kwa tindo. Hadithi hii Shangazi aliisimulia kwa kila mwanafunzi wake, na wako kumi na mmoja walioshika patasi kwa mkono wake, mimi nikiwa wa sita.

Mimi nilikuwa mtu wa kavu. Napenda kumaliza. Tulibishana kila siku ya Mungu, yeye akinigeuzia mgongo na mimi nikizungumza na mgongo huo, hadi wapaka vanishi wakatubandika majina: Mbichi na Mkavu. Wakitaka kucheka walikuwa wanatuuliza swali moja dogo kuhusu bakuli, kisha wanarudi kazini kwao na kutuachia moto. Ilikuwa raha, nakiri. Sijapata mtu mwingine wa kubishana naye vile.

Sasa mabakuli. Miaka kumi na mmoja iliyopita mteja mmoja anayefungua mkahawa aliagiza mabakuli sitini ya saladi, mapana kuliko sahani. Msimamizi wa wakati huo alitaka tutumie vipande vikavu. Shangazi akaenda ghalani, akaweka shavu, akarudi na kusema vipande vya unene ule ni vikavu kwa nje tu, tena havitoshi. Akataka mzambarau mbichi uliokuwa umeangushwa kiwanja cha jirani. Msimamizi alikubali shingo upande, mbele yetu sote, akisema kazi ikiharibika itakuwa juu ya Shangazi. Yeye akakereza sitini na manne, manne ya akiba. Akayaacha manene, akapaka nta sehemu zinazopoteza maji haraka, akatia kila moja kwenye mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake yenyewe, na kila Jumamosi akalipima kwenye mizani na kuandika uzito kwa penseli chini ya kitako. Jumamosi nne alipima. Yalikuwa yanapungua kidogo kidogo, kama alivyotaka.

Ndipo mama yake akaanguka na kuvunjika nyonga, na Shangazi akaomba ruhusa ya siku kumi. Alituachia agizo moja: mifuko isiguswe.

Siku ya tano ya ruhusa yake mteja alipiga simu kuuliza kama inawezekana kuwahisha. Mimi ndiye niliyepokea. Mtu mwenye akili angejibu haiwezekani. Mimi nilisema tutaona, na nilipoweka simu nilishindwa kutulia. Niliizunguka ile rafu ya mifuko kutwa nzima. Nilijiambia namsaidia Shangazi. Pia nilitaka kumwonyesha kwamba ubichi wake ungemalizwa kwa siku tatu, tuache habari za miezi. Yote mawili ni kweli na sitachagua moja linalonipendeza. Ijumaa jioni, wenzangu walipoondoka, niliyatoa yote sitini na manne, nikayapanga kwenye chumba cha kukaushia mbao, nikawasha moto wa chini kabisa. Jumatatu asubuhi nilipofungua mlango nilisikia milio midogo midogo, tik, tik, huku na huku. Yalikuwa yanapasuka nikiyaona, kutoka ukingoni hadi kitakoni.

Kwa mazoea ya kijinga nilichukua la kwanza, nikaliweka kwenye mizani, nikaandika uzito chini ya namba nne za Shangazi. Halafu nikatambua kwamba mwandiko wangu pale ungenishitaki. Bakuli hilo nililificha kwenye begi langu. Mengine nikayarudisha mifukoni na maranda yake na kukunja midomo ya mifuko kama yeye alivyoikunja.

Shangazi alirudi Jumatano. Msimamizi hakumngoja hata avae aproni. Alifungua mifuko mbele ya watu, mmoja baada ya mwingine, na kila kilichotoka kilikuwa na ufa wa kuingiza kidole. Kabla Shangazi hajalifikisha hata moja kwenye mizani, yalishapelekwa jikoni yawe kuni. Barua ya onyo inataja mabakuli sitini na matatu. Shangazi alisema alikereza sitini na manne, akaulizwa la sitini na nne liko wapi. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nimeshika msasa. Baada ya miaka kumi ya kibarua nilikuwa nimeajiriwa kwa kudumu mwaka huo huo, mke wangu ana mimba, na niliogopa kufukuzwa. Sababu hizo ni za kweli na hazinisaidii.

Mwaka uliofuata msimamizi alistaafu. Kila mtu alijua nafasi ni ya Shangazi. Ofisi ikafungua faili, ikaona barua, ikaleta mtu kutoka nje. Shangazi alimpokea vizuri, akamwonyesha swichi kuu iko wapi. Lakini mifuko yake ya karatasi aliikunja yote na kuirudisha ghalani, na tangu siku hiyo hakugusa gogo bichi. Mwanafunzi akiuliza, alimjibu kwamba yeye bichi limemshinda, akamwulize mwingine. Aliyekuwa anaweza kumnyamazisha mjumbe wa bodi kwa shavu lake alianza kukihitaji kile kipima unyevu. Alikuwa anapima, anawekea shavu, anapima tena.

Msinielewe vibaya, miaka hiyo haikuwa ya bure. Zile nguzo mia nne na kumi na mbili za ngazi za jengo la ghorofa sita ni zake, zote kavu, na fundi aliyezifunga alisema hakuondoa hata unywele mmoja wa mbao ili zikae. Ni yeye aliyedai tupate mashine ya kufyonza vumbi, akaipata baada ya barua tisa. Tunapumua kwa sababu yake, ingawa yeye mwenyewe kikohozi cha vumbi kilishamkuta. Tulichokiona sote ni kwamba alizidi kutotulia. Mlinzi aliwahi kuhesabu: mara tisa kabla ya chakula cha mchana Shangazi alitoka hadi uwanjani yanapolazwa magogo, akasimama, akarudi. Watu walisema ni miguu, anainyoosha. Mimi nilijua anakwenda kuangalia nini, na kila akirudi nilikuwa naongeza mwendo wa mashine yangu nisilazimike kusalimiana naye.

Wiki iliyopita ubao wa matangazo ulitangaza kwamba kuanzia Jumatatu ijayo kitengo cha ukerezaji kitakuwa chini yangu. Watu walinipongeza. Shangazi mwenyewe alinipa mkono, akaniambia nimestahili, kisha akaongeza kwamba mashine yake ndogo ya nyumbani anaiuza, maana asiyejua mti wake hana haja ya mashine. Alisema hivyo akicheka. Sikulala vizuri siku hiyo wala iliyofuata.

Jumatatu hii nilikuja na lile bakuli. Miaka yote lilikuwa kwangu, mke wangu anawekea vibanio vya nguo, akidhani ni lililokataliwa kiwandani. Nilimsubiri Shangazi azime mashine, nikaliweka juu ya stuli yake pembeni ya miwani, nikamweleza yote bila kupumzika, kama nilivyowaeleza nyinyi. Alivaa miwani. Aligeuza bakuli, akasoma kitako: 2180, 2090, 2020, 1965. Chini yake, kwa mwandiko wangu, 1640. Kwenye chumba changu cha moto maji mengi yalitoka kuliko katika majuma matatu yote aliyopima yeye. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo yalikuwa yanakauka vizuri?"

Nikamwambia ndiyo, Shangazi. Hakuna hata moja lililokuwa na ufa kabla yangu. Akakaa. Ndiyo, alikaa, kwenye stuli, na waliokuwepo watawathibitishia. Alilipakata lile bakuli muda mrefu akipitisha kidole gumba kwenye namba zake nne. Kisha akasema miaka kumi na mmoja, akaisema tena, na mara ya pili alinitazama, na sitaki kuandika jinsi alivyonitazama.

Jumanne alifika kabla ya mlinzi kufungua geti. Uwanjani kulikuwa na magogo matatu ya mti uliokatwa kando ya barabara kupisha nyaya za umeme. Aliyawekea shavu yote, akachagua la kati, akaomba msumeno, akakataa kusaidiwa. Namba mbili ilipoanza kuzunguka sisi wengine tulizima zetu. Kuna watu wenye miaka minane ya kazi hapa ambao hawajawahi kumwona na mti mbichi. Maranda yalipita juu ya bega lake marefu kama utepe, yakanijia mimi nyuma, yakanilowesha shati. Miwani yake ilijaa matone na hakuifuta. Alikuwa anacheka peke yake, kwa sauti, mama wa miaka sitini. Mpaka leo Jumatano, ninapoandika, ameshatoa mabakuli saba, yamo mifukoni na maranda yake, na kila moja lina namba moja ya penseli chini. Mashine ya nyumbani haiuzwi. Ameomba hafla isogezwe kutoka saa nne hadi saa nane mchana kwa sababu ana gogo la kumalizia. Ndiyo maana ratiba yenu imerekebishwa kwa kalamu.

Meneja amesoma ukurasa huu. Barua ya onyo itahamia kwenye faili langu, na kuhusu nafasi niliyotangaziwa amesema tutazungumza Jumatatu. Sijui atasema nini, na natembeatembea kuliko Shangazi. Karani alitaka niondoe nusu ya haya ili pabaki pa kuchangamka. Shangazi alimjibu kwamba yakiondolewa hata yeye haji kwenye hafla.

Kwa niaba ya waliofundishwa na patasi yako, wapaka vanishi waliokuchokoza, na ofisi iliyokunywa chai bila sukari, asante Shangazi kwa miaka thelathini na mitatu. Maisha yako ya mbele yawe na afya, yawe na magogo mazuri, na hilo la kukaa kwenye stuli tunakuachia uamue mwenyewe. Hujaniambia kama umenisamehe, nami sijathubutu kuuliza. Umenipa agizo moja tu, lile lile. Utakuja kila Jumamosi kupima, na mlinzi ameshaambiwa. Mbele ya wote watakaosoma hapa nakuambia: mikono yako haikukosea, na mifuko yako utaikuta ilivyo. Sitaigusa.